Kilo Zilizopotea Tanuuni

Wadogo zangu Rehema na Hadija, najua mtacheka mkisikia nimestaafu. Mstaafu wa miaka kumi na minane, tena mwenye chunusi. Lakini mtu aliyeshika mizani ya tanuu la chokaa tangu kidato cha pili, akaungua vidole, akapoteza kucha mbili na akaponzwa na daftari lake mwenyewe, anastahili kustaafu japo kwa maneno. Wiki ijayo nakwenda kidato cha tano, mbali, na mizani inabaki mikononi mwenu. Mnanijua. Nikisimama mbele ya watu watatu sauti inaingia tumboni na haitoki. Ndiyo maana nawaandikia.

Kwanza mambo ya mikono, maana haya hamtayakuta darasani.

Jiwe zuri la chokaa likigongwa linalia kama sahani. Likitoa sauti ya kishindo kama boga, lina udongo ndani, liacheni. Mawe yasizidi ngumi ya mtu mzima. Kuni bora kwetu hapa ni magogo ya mikorosho iliyozeeka, ile ambayo wenyewe wameshakata tamaa nayo. Yapangwe kwa duara, vichwa vyote vielekee katikati, na katikati kuachwe tundu la kutilia moto. Mawe yanakwenda juu. Chokaa ikiwaangukia mwilini, ipanguseni kwanza ikiwa kavu, kisha maji mengi. Ikiingia jichoni, maji safi, mengi, bila kuacha, na huku mnakwenda zahanati. Mtu asiwaambie habari ya mafuta ya nazi. Na mkitaka kuizima chokaa, itieni chokaa kwenye maji kidogo kidogo. Msiimwagie maji kwa ndoo kama mnazima nyumba inayoungua. Mimi nilifanya hivyo siku yangu ya tatu. Ilichemka, ikanirukia, na Bibi Asumini akasema, "Mke mwenzangu huyu kaja kupika au kaja kupikwa?"

Bibi Asumini ndiye mchomaji wetu. Ananiita mke mwenza kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wa kike, ingawa hatuna udugu wa damu. Kwao ni kule milimani, Kipatimu. Aliolewa hapa kijijini kabla mama yangu hajazaliwa, mumewe akafa, yeye akabaki. Bado kuna watu wakikasirika wanasema "yule Mmatumbi," kama vile alishuka jana. Kuongea kwake ni kwa kukata. Ukimuuliza kwa nini jiwe hili na si lile, atakwambia, "Kwa sababu nimesema." Lakini alijua moto kuliko mtu yeyote niliyemwona, na alikula tambuu yenye chokaa aliyoichoma mwenyewe. Alisema mpishi asiyeonja chakula chake ana jambo.

Kikundi chetu kilikuwa na wanawake saba. Mwenyekiti ni Mama Shadia, mnamjua, yule ambaye akisema "habari za asubuhi" unajiuliza umekosa nini. Zamani walipima kila kitu kwa debe. Madebe ishirini ya mawe yakiingia tanuuni, yanatoka madebe kama kumi na tisa ya chokaa ya mawemawe, maana jiwe likiiva halisinyai sana, umbo lake linabaki karibu vilevile. Wakiizima kwa maji inafumuka kuwa unga, na unga unajaza madebe thelathini na zaidi. Kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa na imani moja, kwamba chokaa inazaa. Unaingiza kidogo, Mungu anakupa kingi. Hakuna aliyewahi kuona upungufu, kwa sababu debe halioni uzito.

Kisha akaja mnunuzi, fundi wa kukarabati majengo ya kale, kutoka mjini Masoko. Huyu hakutaka unga. Alitaka chokaa ya mawemawe, haijazimwa, akaizime mwenyewe kwenye mashimo yake, na alitaka kwa kilo. Ndipo kikundi kikanunua ile mizani ya kuning'iniza. Na ndipo wakaniita mimi.

"Huyu Somoe hasemi," Mama Shadia aliwaambia wenzake, mimi nimesimama palepale. "Na asiyesema hana nafasi ya kusema uongo. Apewe daftari."

Nilifurahi. Kuandika namba hakuhitaji sauti.

Tanuu la kwanza kupimwa lilikuwa wakati wa mvua za vuli. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, ikaacha siku moja, mnunuzi anasubiri, basi tukapima na kupanga. Tulining'iniza mizani kwenye boriti, gunia baada ya gunia, mimi nasoma mshale na kuandika. Mawe, kilo mia sita kamili. Nilipiga mstari chini yake kwa rula. Bibi Asumini alipita, akaangalia lile daftari kama anayeangalia mbwa wa jirani.

"Mawe hayahesabiwi," akasema. "Ukiyahesabu yanakuhesabu."

Nilidhani ni mambo ya wazee. Nikatabasamu ndani kwa ndani. Nawaambia ukweli, nilijiona nina akili.

Moto uliwaka siku moja na usiku wake, kisha siku tatu tukaliacha lipoe. Siku zote hizo Bibi Asumini alikaa pale kwenye kibanda chake, peke yake, kufukuza mbuzi na watoto. Ndivyo alivyofanya miaka yote. Jumamosi tukafungua. Wanawake wakachambua, mimi nikapima.

Kilo mia mbili na hamsini.

Nilipima tena. Mia mbili na hamsini. Niliwaza mshale umekwama, nikajining'iniza mimi mwenyewe kwenye ndoano ya mizani. Mimi nilikuwa sawa, wala sikupungua.

Mama Shadia alisoma daftari, midomo inacheza. "Mia sita," akasema. "Mia mbili na hamsini. Somoe, mama, hizi nyingine umeziandika wapi?"

"Hakuna nyingine," nikasema.

"Mia tatu na hamsini ziko wapi?"

Mmoja mmoja, bila kukubaliana, wakageuza macho kwenye kibanda. Bibi Asumini alikuwa amekaa mlangoni anafunga tambuu. Akaona macho. Akaendelea kufunga ile tambuu mpaka mwisho, akaitia mdomoni, ndipo akasema, "Semeni."

Hawakusema siku ile. Walisema kesho yake kwenye kikao, naye hayupo, na watu wakimsema mtu asiyekuwepo wanasema vizuri sana. Kwamba pikipiki ilisikika njia ya Tingi siku ya pili ya kupoza. Kwamba miaka yote hii analala pale peke yake, kwa nini? Kwamba kumbe chokaa ilikuwa inazaa zaidi ya tulivyokuwa tunaona, yeye anapunguza, sisi tunashukuru kwa kilichobaki. "Mmatumbi yule," mmoja akamalizia.

Mama Shadia hakutaka polisi. Alisema aibu ya polisi ni ya kijiji kizima. Akasema isomwe Halbadiri.

Nyinyi mmekulia hapa, sina haja ya kuwaeleza. Lakini huenda barua hii ikasomwa na mtu wa mbali, basi niseme tu kwamba ni kisomo cha kumshitaki mwizi asiyejulikana kwa Mwenyezi Mungu, na watu wanakiogopa kuliko mahakama. Wanasema humpata mwenye kosa popote alipo, tumbo likavimba au akili ikahama. Maalimu wa msikitini alipoambiwa aliuliza mara mbili, "Mmehakikisha? Hiki si kitu cha kurudisha nyuma." Wakasema wamehakikisha, daftari lipo. Ikapangwa Ijumaa baada ya swala.

Daftari lipo. Lile daftari langu, lenye mistari ya rula.

Jumapili ile sikula. Niliwaza hivi: kama kisomo kinampata mwenye kosa, na kama Bibi Asumini hakuiba, basi mwenye kosa ni nani? Mtu aliyeandika namba bila kujua maana yake. Nilijishika tumbo kuona kama limeanza.

Ndipo nikakumbuka kemia. Aibu gani, kukumbuka kemia kwa kuogopa kuvimba. Tulikuwa tumeshafundishwa kule shuleni. Jiwe la chokaa ni kalsiamu kaboneti. Kalsiamu arobaini, kaboni kumi na mbili, oksijeni tatu za kumi na sita ni arobaini na nane. Jumla mia moja. Ukilichoma, hewa ya ukaa inatoka, inakwenda zake angani, na inayobaki ni kalsiamu na oksijeni moja: hamsini na sita. Kila kilo mia za jiwe zinatoa kilo hamsini na sita za chokaa, hata kama tanuu linalindwa na malaika. Kilo arobaini na nne ni hewa. Nilikuwa nimepata alama zote za swali hilo kwenye jaribio, na siku tuliyofungua tanuu sikulikumbuka hata kidogo. Lile lilikuwa swali la karatasi. Hili lilikuwa na moshi.

Nikakokotoa. Mia sita, mara hamsini na sita, gawanya kwa mia. Mia tatu thelathini na sita. Nilidhani nimeimaliza kesi. Jumatatu nilipotoka shule nikaenda moja kwa moja kwa Mama Shadia na karatasi yangu. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

Nikampa karatasi. Nikajaribu na kusema, kwa sauti ya tumboni, kwamba sehemu kubwa ilikuwa hewa, kwamba hata ingekuwaje zisingetoka mia sita, zilitakiwa zitoke mia tatu thelathini na sita. Aliacha ungo. Alisikiliza, lazima niseme haki yake. Aliuliza hewa inawezaje kuwa na kilo, nikamwambia mtungi wa gesi ukijaa si mzito? Akakubali. Kisha akasema:

"Kwa hiyo zilitakiwa mia tatu thelathini na sita."

"Ndiyo mama."

"Na zimetoka mia mbili na hamsini."

Nikaanza kuona linakokwenda.

"Basi ameiba themanini na sita," akasema. Akanirudishia karatasi kwa heshima kabisa. "Ahsante mwanangu. Mia tatu na hamsini ilinishinda kuamini, bibi mtu mzima angebebaje. Themanini na sita ni pikipiki moja. Sasa imekaa sawa."

Wadogo zangu, elimu nusu ni kitu kibaya. Nilikwenda kumtoa mtu kwenye shimo, nikamwekea mfuniko. Njiani kurudi nilipita karibu na kwa Bibi Asumini, nikamwona uani anakunja nguo zake na kuzifunga kwenye khanga. Sikuingia. Nilipita upande wa pili wa njia kama mgeni. Hilo sijamwambia mtu mpaka leo.

Jumanne nilimfuata mwalimu wetu wa kemia wakati wa mapumziko. Nilikaa nje ya ofisi ya walimu mpaka kengele ikakaribia kulia, ndipo nikapata nguvu. Aliangalia hesabu yangu, akasema ni sahihi. Basi zile themanini na sita zimebaki palepale.

"Ila," akasema, "umekokotoa jiwe la kwenye kitabu. Jiwe la kwenye kitabu ni safi, ni kavu, na limeungua lote. La kwenu lilikuwa hivyo?"

Safi, lilikuwa safi, kwa yale mawe ya Bibi Asumini. Lakini kavu? Nikakumbuka siku nne za mvua. Nikakumbuka magunia yalivyokuwa yanadondosha maji kwenye miguu yangu wakati nasoma mshale. Nilikuwa nimeyapima maji na kuyaita mawe, tena kwa rula.

"Na limeungua lote?" akauliza tena.

Hapo nikawa sina haja ya kuulizwa. Kila tanuu lina mabichi. Ni yale mawe ambayo moto haukufika katikati, au yaliyokuwa pembeni. Mnayajua kwa kudondoshea maji: lililoiva linafoka na kupata moto, bichi linanyamaza kama mimi. Siku ya kuchambua, wanawake waliyatupa mabichi yote kwenye madimbwi ya njia ya kwenda kisimani, kama ilivyo desturi, watu wapite pakavu. Hakuna aliyeyapima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekanyaga juu yake asubuhi ile kwenda shule.

Kulikuwa na mawe ya mzigo uleule yamebaki chini ya makuti, bado yana maji. Nikachukua kilo kumi kwa mizani ya dukani, nikayakausha juu ya bati kwenye moto wa jikoni mpaka mama akauliza kama siku hizi tunakula mawe. Jumatano jioni nikayarudisha dukani. Kilo tisa na gramu mia mbili. Kwa hiyo mawe ya kilo mia sita yalikuwa na maji kilo arobaini na nane. Mawe yenyewe yalikuwa mia tano hamsini na mbili. Mara hamsini na sita, gawanya kwa mia: kilo mia tatu na tisa. Ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho tanuu lile lingeweza kutoa. Tulipata mia mbili na hamsini. Zimebaki hamsini na tisa, na hizo hamsini na tisa, kama hazikuibwa, bado zimo ndani ya mabichi, hazijawa chokaa. Kila hamsini na sita za chokaa zinataka jiwe mia. Basi mabichi lazima yawe kama kilo mia moja na tano. Kama yapo njiani kilo mia moja na tano, Bibi Asumini ni mtu safi. Kama hayapo, mimi nimekwisha.

Lakini karatasi ilikuwa imeshanidanganya mara moja mbele ya Mama Shadia. Safari hii nilijua haitoshi. Nilimwomba kitu kimoja. Niliomba kwa kuandika, nikamkabidhi kikaratasi mlangoni na kubaki nimesimama. Kiliandikwa: "Naomba Alhamisi mje wote kwa mhunzi. Tuchome kilo moja mbele ya macho."

Akasoma. "Na Bibi Asumini?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Yeye hasa.

Mhunzi wetu, Mzee Likwata, ana mivukuto miwili na makaa yanayoyeyusha moyo. Alhamisi alasiri walikuja wote saba. Bibi Asumini alikuja na lile fungu la nguo kichwani, akalitua karibu na mlango, akakaa juu yake. Hakunitazama. Tulipima jiwe kavu, lililovunjwavunjwa kama korosho, kilo moja kamili, kila mtu akashika kwa mkono wake mizani ya dukani, ambayo mwenye duka aliileta mwenyewe. Likaingia kwenye chungu cha chuma, chungu kikaingia motoni.

"Sasa," Mama Shadia akasema, "asitoke mtu."

Wakakaa. Saa moja, mbili, tatu. Mivukuto inapumua. Wanawake saba wanaangalia chungu kimoja kama wanaangalia fainali. Mmoja akataka kwenda haja, akaambiwa akunjue kwanza khanga aonekane hakubeba jiwe.

"Jiwe la moto hivyo nalificha wapi?" akauliza.

"Wewe unajua zaidi," akajibiwa, na hata Mzee Likwata akaacha kuvukuta kwa kicheko.

Bibi Asumini peke yake hakucheka. Alisimama mara mbili akachungulia rangi ya moto, mara ya pili akamwambia mhunzi, "Ongeza. Umeulegeza." Akaongeza.

Chungu kilipotolewa na kupoa, tukamimina vile vijiwe kwenye sahani ya mizani. Vilikuwa na umbo lilelile. Mtu angeapa havikuguswa. Mwenye duka akatoa kilo, akaweka nusu, akaongeza vidogo vidogo, mpaka mizani ikakaa: gramu mia tano na tisini, thelathini juu ya za kitabu, maana ndani ulibaki ubichi kidogo.

"Zimekwenda mia nne na kumi," mwenye duka akasema.

"Na hakutoka mtu," mwingine akasema.

Mama Shadia alichukua kijiwe kimoja, akakizungusha mkononi, akakiweka. "Basi huyo mwizi amepita hapahapa mbele ya pua zetu," akasema.

Walinitazama niseme. Nikachukua bichi moja nililokuja nalo mfukoni, nikageukia mlango wa mhunzi ambao ni mweusi kwa moshi, nikaandika namba zote: mia sita, maji arobaini na nane, mia tano hamsini na mbili, mia tatu na tisa, mia mbili na hamsini. Chini kabisa nikaandika: mabichi, mia moja na tano, na alama ya kuuliza. Nikasema maneno manne tu. "Yako njia ya kisimani."

Sikujua kwamba wangekwenda palepale. Wanawake saba na majembe, kwenye madimbwi, wanachimbua njia waliyoijaza wenyewe. Watu waliotoka kisimani waliuliza kuna nini, wakajibiwa, "Tunatafuta pikipiki." Mabichi yalioshwa tope, Ijumaa asubuhi jua likawa kali, yakaanikwa juu ya mabati, yakageuzwa kama dagaa. Saa tano tukaning'iniza mizani, shule siku ile sikwenda. Maalimu alikuwa amekuja kusimama pembeni, wote tulijua anasubiri kujua kama asome au asisome.

Gunia la kwanza, hamsini na moja. La pili, arobaini na tano.

Tisini na sita.

Niliuona kichwani mwangu ule mlango wa mhunzi wenye namba. Mia moja na tano. Tisini na sita. Zilikuwa zimepungua tisa, na tulikuwa tumechimba mpaka udongo mwekundu.

Mama Shadia aliniona usoni. Akaja karibu, akanong'ona kwa upole ambao sikujua kama anao. "Andika tisa ni majivu. Vipande vidogo vimeingia kwenye majivu, kila mtu anajua. Andika, tumalize, bibi wa watu aende akapumzike."

Ilikuwa kweli inawezekana kabisa. Majivu yalikuwa yameshachotwa na watu kupeleka mashambani. Nilishika kalamu. Nilitaka kuandika, wadogo zangu. Nilitaka sana.

"Majivu yalipimwa?"

Alikuwa Bibi Asumini. Ni mara ya kwanza kunisemesha tangu Jumamosi ile.

"Hayakupimwa, bibi."

"Basi usiyaandike. Wiki hii nimeona mambo ya kuandika usichokijua." Akamgeukia Mama Shadia. "Nawe usinisitiri kwa uongo. Leo majivu, kesho mtu atauliza majivu gani, mimi nimeshakufa, nani atajibu? Andika kilo tisa hatuzijui."

"Bibi, watu watasema," nikasema.

"Waseme kilo tisa. Si themanini na sita, si mia tatu na hamsini. Tisa. Na chini yake andika aliyechoma ni Asumini."

Nikaandika. Hivyo hivyo alivyosema. Akaomba kalamu, akavunja ncha yake kwa meno, akapaka wino kwenye dole gumba na kuligandamiza kwenye karatasi, pembeni ya ile tisa, akashikilia muda mrefu kama anayepiga pasi.

Mama Shadia alilitazama lile dole. Kisha naye akatia dole lake kwenye wino uleule, akaligandamiza jirani yake, ingawa yeye kusoma na kuandika anajua vizuri kabisa. Akatoka akaenda alipokuwa amesimama maalimu. Sikusikia alichomwambia. Nilimwona maalimu akiitikia, akaelekea msikitini, na swala ya siku ile ikawa swala tu.

Bibi Asumini alichukua fungu lake la nguo. Sote tuligeuka kuona atashika njia ipi. Alilibeba mpaka kibandani, akalitua ndani, akatoka na ufagio.

"Mmesema tanuu langu limetoa ngapi katika mia tatu na tisa?" akauliza, anafagia.

"Mia mbili na hamsini, bibi. Ni kama themanini na moja kwa mia."

"Hiyo ni ndogo."

"Si mbaya, bibi."

"Nimekwambia ndogo. Mawe yalikuwa yamelowa, moto wangu umeishia kukausha badala ya kuchoma. Lijalo yaanikwe siku tatu. Na usiniletee jiwe linalozidi ngumi." Akafagia hatua mbili tatu. "Ngumi yangu, si ya Mama Shadia."

Tangu hapo ndiyo mnaona tunaanika, tunapima makavu, tunapima mabichi, na tangu mwaka juzi tunapima na majivu kabla hayajachotwa. Hizo desturi nne msiziache hata mnunuzi akiwa anapiga honi. Sasa tunafika tisini kwa mia, na likishuka chini ya themanini na tano Bibi Asumini hapokei salamu mpaka jioni.

Daftari la kwanza liko kwenye sanduku la bati chini ya mizani. Ukurasa wa nane una madole mawili ya wino na namba tisa. Mtapata hamu ya kuijaza, hasa mkishafundishwa kemia, maana mtaona njia tatu au nne za kuieleza, na zote zina akili. Mimi nimeziona. Iacheni tisa.